Kupanga apatimenti yenye fanicha viungani mwa jiji: usitazame sofa, tazama orodha (uzi mrefu)

Mizigo Miwili

Habari za muda huu wakuu.

Swali hili halikauki humu: "Nahamia kikazi, nichukue nyumba tupu ninunue vitu pole pole, au nichukue yenye fanicha nje kidogo ya jiji?" Majibu huwa "angalia mfuko wako", halafu uzi unakufa. Kazi zangu ni za mikataba mifupi na nimelala kwenye vitanda vya watu miaka mingi, kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Asiyependa kusoma apite kimya kimya, hakuna ugomvi.

Anza na hesabu. Yenye fanicha huwa na kodi ya juu kuliko tupu ya ukubwa ule ule mtaa ule ule. Hiyo tofauti ya kila mwezi ndiyo bei ya kukodi kitanda, jokofu, meza na pazia. Izidishe kwa miezi utakayokaa, kisha weka pembeni gharama ya kununua vitu vya lazima, kuvisafirisha, kuvipandisha ghorofani, na hasara ya kuviuza siku ya kuondoka. Watu wengi huisahau hiyo hasara. Godoro ulilolilalia hakuna atakayelinunua kwa bei ya maana. Mtu wa miezi michache hadi mwaka mara nyingi atakuta fanicha inamlipa. Wa miaka minne atakuwa amemnunulia mwenye nyumba sofa mpya na bado sofa si lake.

Hoja yangu kubwa ni hii. Kwenye nyumba tupu unabishania kuta na sakafu. Kwenye yenye fanicha unabishania kila kijiko. Siku ya kuingia hakuna ubishi, kila mtu anatabasamu. Ubishi unakuja siku ya kutoka, na siku hiyo karatasi inayosema ni orodha ya vitu. Mkataba unaweza kuwa wa kurasa kumi na mbili zenye mihuri, lakini kama orodha inasema tu "sebule: fanicha kamili", amana yako iko mikononi mwa kumbukumbu ya mtu mwingine.

Orodha ya kweli inataja kitu, idadi, na hali yake. Siyo "meza 1". Iandikwe "meza ya kulia ya mbao, viti vinne, kiti kimoja kinacheza mguu wa nyuma, mkwaruzo wa urefu wa kidole upande wa dirisha". Piga picha ya mkwaruzo kwa karibu, kisha piga nyingine kwa mbali ili ionekane ni meza ipi na chumba kipi. Fungua droo, piga ndani. Zitume zote kwa barua pepe siku hiyo hiyo, maana picha iliyokaa kwenye simu yako tu itaulizwa ilipigwa lini.

Karibuni wenye uzoefu. Nimeacha mambo mengi makusudi.

---

Ghorofa ya Pili

Mkuu uzi mzuri, ila umeruka kipande cha "viungani" kana kwamba unafuu wa kodi huko ni wa bure. Unafuu ule unalipwa barabarani.

Kabla ya kusaini, fanya safari ya kwenda kazini kutoka kwenye ile nyumba asubuhi ya siku ya kazi, saa ile ile utakayotoka. Dalali atakupeleka Jumamosi saa nne, barabara nyeupe, atakwambia "dakika ishirini tu hadi katikati ya jiji". Ni kweli, dakika ishirini za Jumamosi. Halafu rudi jioni, na uulize usafiri wa mwisho wa usiku unapita saa ngapi. Kama kazi yako huisha usiku na basi la mwisho huondoka mapema, kila mara utarudi kwa teksi, na hiyo ni sehemu ya kodi hata kama haijaandikwa kwenye mkataba.

Jumlisha nauli ya mwezi mzima na kodi, ndipo ulinganishe na nyumba ndogo ya karibu na kazi. Mara nyingine ya viungani bado inashinda, hasa ukiwa na familia au ukifanya kazi nyumbani siku kadhaa za wiki. Mara nyingine inashindwa vibaya.

Na intaneti! Usikubali kauli ya "ipo". Uliza ni ya waya au ya mtandao wa simu, imefungwa tayari au utafungiwa, na akaunti iko kwa jina la nani. Ingia chumba cha ndani kabisa, funga mlango, piga simu. Majengo ya zege nene yanakula mawimbi, utajikuta unaongea na bosi ukiwa umeegemea dirisha la jikoni.

---

Mizigo Miwili

Ghorofa ya Pili, nakubali. Ongeza mlo mmoja wa kawaida kwenye hesabu: unakwenda kununua wapi, kwa miguu au lazima gari? Mtaa uliotulia mara nyingi umetulia kwa sababu hauna kitu.

---

Fundi Kitasa

Mimi ni fundi wa majengo, nitajikita kwenye ukaguzi maana watu wanakagua kwa macho tu.

Fanicha inaficha. Nyumba tupu inaonyesha ubaya wake wote ukifungua mlango, yenye fanicha imevaa nguo. Ukuta wenye unyevunyevu husogezewa kabati. Sakafu iliyopasuka hutandikwa zulia. Kwa hiyo omba ruhusa, vuta kabati kutoka ukutani kiasi cha mkono kupita, mulika tochi ya simu na unuse. Ukungu una harufu kabla ya kuwa na rangi. Inua pembe ya zulia. Rangi mpya iliyopakwa kiraka kimoja tu cha dari, uliza ghorofa ya juu kuna bafu mahali hapo.

Jokofu: bana karatasi kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka bila kushikwa hata kidogo, mpira umechoka, na bili ya umeme utailipa wewe. Rudia hivyo kuuzunguka mlango mzima, juu, pembeni na chini, maana mpira hauchoki sawasawa kila upande.

Mashine ya kufulia: iendeshe mzunguko mfupi mtupu mkiwa mnaangalia vyumba vingine. Kama haitoi maji mwishoni, au inapiga kelele kama inataka kutembea, iandikwe hivyo.

Maji: fungua bomba la bafuni, la jikoni, kisha vuta choo, vyote kwa pamoja. Presha ikifa, ndiyo asubuhi zako hizo. Ya moto pia, yasubiri mpaka yawe moto kweli.

Gesi: paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Likitoa mapovu yanayokua, kuna uvujaji, funga na utoke. Na popote penye hita au boila ya gesi, king'amuzi cha kaboni monoksidi ni lazima, kwa sababu kaboni monoksidi, sumu inayotokana na gesi kuungua vibaya, haina harufu wala rangi. Huko Uingereza mwenye nyumba analazimika kukaguliwa vifaa vyake vya gesi na fundi aliyesajiliwa kila baada ya miezi 12 na kukupa cheti. Hata kama uliko hakuna sheria hiyo, muulize mara ya mwisho vilikaguliwa lini. Akishangaa swali, umepata jibu.

---

Kaa la Moto

Fundi umesahau kunguni 😅

---

Fundi Kitasa

Sijasahau, nilikuwa nawaachia nafasi yao.

Ondoa shuka, godoro libaki wazi. Fuata mshono wa pembeni taratibu kwa tochi, hasa kona za upande wa kichwa. Tafuta vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu iliyogusishwa kitambaani, ndiyo kinyesi chao. Kunguni mzima ana milimita 5 hadi 7, bapa, rangi ya kahawia, unamuona bila miwani. Kisha angalia matundu ya skrubu za kitanda, nyuma ya ubao wa kichwani, na mishono ya sofa. Usijipe moyo kwamba nyumba ilikaa tupu muda mrefu. Hawa wanaweza kuvumilia miezi bila kula.

Ukiwakuta kabla ya kusaini, ondoka. Ukiwakuta baada ya kuingia, andika siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya wiki kadhaa utaambiwa umewaleta na begi lako. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60, hayo wanakufa.

---

Mama Pazia

Salamu wanangu. Mimi niko upande wa pili, napangisha apatimenti mbili zenye vitu. Nasoma hapa naona mwenye nyumba amegeuzwa jambazi.

Nieleze upande wangu kidogo. Mpangaji anaingia anakuta sufuria seti nzima na mifuniko. Anaondoka, sufuria zipo tano kama zilivyoandikwa, ila mbili si zangu, nyepesi kama karatasi. Idadi imetimia! Taa ya kusomea imerudi na balbu imeungua. Pazia limefuliwa kwa maji ya moto limepanda mpaka katikati ya dirisha. Kila kimoja ni kidogo, vyote kwa pamoja ni wiki nzima ya kuhangaika kabla mpangaji mwingine hajaingia.

Kwa hiyo hiyo orodha anayoisema Mizigo Miwili mimi mwenyewe naipenda. Naandika hadi rangi na aina ya kitu. Inanilinda mimi pia.

---

Mizigo Miwili

Mama shikamoo, na umeongea jambo. Lakini nikuulize kwa heshima: mpangaji akichafua sofa la miaka sita, unamkata bei ya sofa jipya?

---

Mama Pazia

Marahaba. Zamani nilikuwa nakata hivyo, ndiyo. Kwani nitanunua kuukuu?

---

Dalali Mstaafu

Hapo ndipo ugomvi mwingi wa amana unapoanzia, nimeuona ofisini mpaka nikaacha kazi.

Kuna mambo mawili tofauti. Uchakavu wa kawaida na uharibifu. Zulia kupauka njia ya kupita, mto wa sofa kulegea, rangi ya ukuta kufifia: huo ni uchakavu, umeulipia kwenye kodi. Alama ya pasi kwenye zulia, kioo kilichopasuka, meza iliyounguzwa na sufuria: huo ni uharibifu.

Sasa hata kwenye uharibifu, kitu hakidaiwi kama kipya wakati kilikuwa cha zamani. Chukua mfano, sofa la aina ile tunalitarajia lidumu miaka 10, limeharibiwa likiwa na miaka 6. Uhai uliobaki ni miaka 4, basi mpangaji anadaiwa sehemu nne za kumi za thamani yake, siyo zote. Wasuluhishi wa migogoro ya amana Uingereza wanakwenda kwa mantiki hiyo: mwenye nyumba arudishwe alipokuwa, asipandishwe daraja. Ndiyo maana kwenye orodha nzuri kuna safu ya umri wa kitu, au nakala ya risiti. Bila umri, kila upande utataja mwaka unaoupenda.

Na amana yenyewe: kabla ya kutoa fedha jua sheria ya nchi uliyopo inasemaje, maana zinatofautiana mno. Ufaransa, nyumba yenye fanicha inaruhusiwa kudaiwa amana hadi kodi ya miezi miwili bila gharama za huduma, wakati tupu ni mmoja. Ujerumani kikomo ni miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. England kwa kodi nyingi za kawaida ni wiki tano, na fedha lazima ziwekwe kwenye mfuko wa ulinzi ulioidhinishwa ndani ya siku 30. California walikuwa wanaruhusu miezi mitatu kwa yenye fanicha na miwili kwa tupu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ni mwezi mmoja tu kwa zote, isipokuwa kwa baadhi ya wenye nyumba wanaomiliki nyumba chache.

Pale pasipo na kikomo wala mfuko wa ulinzi, yaani amana inakaa mfukoni mwa mwenye nyumba, mkataba uandike itarudishwa ndani ya siku ngapi na makato yataambatana na nini. Neno "stakabadhi" liwemo.

---

Ghorofa ya Pili

Kuna mahali sheria inasema yenye fanicha lazima iwe na nini? Nimeshawahi kuonyeshwa "full fanicha" ambayo ni kitanda, feni na kiti cha plastiki.

---

Dalali Mstaafu

Ufaransa wanayo, tena imeandikwa kitu kwa kitu. Ni amri ya tarehe 31 Julai 2015: matandiko pamoja na blanketi au duveti, kitu cha kuziba mwanga kwenye madirisha ya vyumba vya kulala, jiko la kupikia, oveni au maikrowevu, jokofu na sehemu ya kugandishia, vyombo vya kutosha kulia, vyombo vya kupikia, meza na viti, rafu za kuwekea vitu, taa, na vifaa vya usafi vinavyofaa nyumba hiyo. Kikikosekana kitu mpangaji anaweza kudai kwamba ile si nyumba ya fanicha, na mkataba ukageuka kuwa wa nyumba tupu, ambao unambana zaidi mwenye nyumba.

Hata kama hauko huko, chukua orodha hiyo uende nayo kwenye ukaguzi. Ni kipimo kizuri cha kujua unacholipia.

Uingereza nao wana kanuni za mwaka 1988 za usalama wa moto kwenye fanicha zenye sponji na kitambaa: sofa, godoro, kiti cha kuegemea. Mwenye nyumba haruhusiwi kuweka kisichokidhi. Utaona kibandiko chini ya mto wa sofa au upande wa chini wa kiti. Hakuna kibandiko, uliza.

---

Kaa la Moto

Na hawa wanaosema "mwenye nyumba yuko nje ya nchi, tuma amana, ufunguo utaletwa kwa posta"?

---

Dalali Mstaafu

Mwizi. Kwaheri. Usijadiliane naye.

Nyumba za fanicha zinawapenda sana matapeli kwa sababu picha zake zinavutia na wateja wengi wako mbali, wanahama mji. Tafuta picha ile kwenye mtandao kwa njia ya picha yenyewe, siyo maneno. Ukiikuta kwenye tangazo la hoteli au la mji mwingine, umemaliza kazi. Bei ikiwa chini sana kuliko jirani zake, jiulize kwa nini bahati hiyo ilikusubiri wewe. Kama huwezi kufika, mtu unayemwamini afike, au mpigiane video na huyo anayekuonyesha afungue bomba, afungue dirisha aonyeshe barabara, kwa maelekezo yako papo hapo. Video iliyorekodiwa haisaidii kitu.

Kuna aina nyingine yenye ufunguo kabisa: mpangaji wa sasa anakupangisha wewe bila mwenye nyumba kujua. Utaishi raha mpaka siku mwenye nyumba atakapogonga. Omba kuona uthibitisho wa umiliki au idhini ya maandishi ya kupangisha tena, na jina lililopo pale lilingane na jina la akaunti unayoilipa.

---

Mizigo Miwili

Naongezea mambo ya bili, yanakwaza kuliko kodi. "Bili zote zimo" karibu kila mara ina kikomo kilichojificha mahali. Umeme umo mpaka kiasi gani? Kiyoyozi na hita vimo? Picha ya mita ya umeme, maji na gesi siku ya kuingia ni lazima, namba zisomeke, na nyingine siku ya kutoka. Kwenye majengo yenye walinzi, lifti na bustani kuna gharama za huduma za pamoja, mkataba useme nani analipa. Kwa kawaida ni mwenye nyumba, ila "kwa kawaida" haijawahi kumrudishia mtu fedha. Maegesho nayo yataje kwa namba ya nafasi, viungani bila nafasi ya gari utazunguka kila usiku.

Na bima: ya mwenye nyumba inahusu jengo na pengine vitu vyake. Kompyuta yako bomba likipasuka ni shida yako.

---

Nahama Mwezi Ujao

Wakuu nimesoma yote, nashukuru sana. Nina maswali mawili. Mwenye nyumba wangu hana orodha na anasema "sisi tunaaminiana". Nifanyeje bila kumkera? La pili, kuna kitanda cha wageni kinajaza chumba ninachotaka kufanyia kazi. Nikitoe niweke meza yangu?

---

Mizigo Miwili

La kwanza: tengeneza mwenyewe. Usimuombe chochote. Zunguka chumba kwa chumba ukianzia mlangoni kwenda mkono wa kulia ili usiruke kitu, piga picha, andika, mtumie siku ya kuingia na maneno ya upole: "Nimeorodhesha vitu nilivyokabidhiwa, kama kuna nilichokosea naomba unirekebishe ndani ya siku saba." Akinyamaza, angalau ujumbe una tarehe. Hesabu funguo pia, zikiwemo za sanduku la barua na za lango. Kitasa cha lango la pamoja kikibadilishwa kwa ajili ya ufunguo mmoja uliopotea, bili yake inaumiza.

La pili namwachia Mama Pazia.

---

Mama Pazia

Niulize tu kwa maandishi, mwanangu, nami nitakujibu kwa maandishi. Mpangaji akiniomba vizuri sikatai. Ila tukubaliane kitanda kinakwenda wapi: stoo ya jengo, kwangu, au unakisimamisha nyuma ya mlango. Balkonini hapana, mvua moja tu mbao zimevimba. Akikipeleka kwa rafiki yake ndiyo basi, sitakiona tena.

Na ukikifungua, skrubu zote ziweke kwenye mfuko mmoja, uufunge kwa utepe wa gundi kwenye fremu yenyewe. Usiniambie umeziweka droo ya jikoni.